Kwaya au Ngoma

Mjukuu wangu wa kike, aliye kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni mkoani Mbeya, alikuja likizo na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya daftari lake. Karatasi hiyo ilimtaka achague kundi moja la muziki, na makundi yalikuwa matatu: kwaya pamoja na usomaji wa noti, bendi ya tarumbeta, na ngoma za asili. Chini paliachwa nafasi ya sahihi ya mzazi. Aliiweka mezani baada ya chakula cha usiku, akasema, "Babu, nimeambiwa nirudi nikiwa nimeshachagua. Nichague lipi?"

Kabla sijafungua kinywa, nyumba nzima ilikuwa imekwisha kumjibu. Baba yake alitaka kujua ni lipi kati ya hayo litakalomsaidia kwenye mtihani. Mama yake alisema kwaya, kwa sababu mtoto ameimba kanisani tangu utoto wake. Mjomba wake alitetea tarumbeta: mwenye kujua kupuliza hakosi harusi siku ya Jumamosi, na jeshi na polisi wana bendi zao. Ngoma haikupata wakili hata mmoja. Ilikaa pale kwenye karatasi kama mgeni ambaye hakuna aliyemvutia kiti.

Mimi nilinyamaza. Walidhani ninapima maneno kama ilivyo desturi ya walimu wakuu wastaafu. La hasha. Nilikuwa nimekumbuka deni, na mtu mwenye deni hana haraka ya kutoa shauri.

Nilisomea ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini. Wakati huo nchi ilikuwa inazungumza sana juu ya utamaduni wake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwakumbusha wasomi kwamba wengi wao walijua kucheza dansi za wageni lakini hawakuzijua ngoma za kwao. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule isiwe kisiwa mbali na wananchi. Kwa hiyo chuoni kwetu jioni palikuwa na vikundi viwili, kwaya na ngoma, na kila mwanachuo alitakiwa kuchagua kimoja. Nilichagua kwaya. Sababu yake naikumbuka vizuri: kwaya ilikuwa na karatasi.

Karatasi zenyewe zilikuwa za solfa. Njia hii ilienezwa huko Uingereza na mchungaji John Curwen, aliyeishi kati ya mwaka 1816 na 1880, naye aliijenga juu ya kazi ya mwalimu wa kike, Sarah Glover. Wamisionari wakaileta Afrika. Badala ya mistari mitano na vichwa vya noti, unaandika herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Do haifungwi kwenye sauti moja. Mwalimu huishika mahali panapowafaa waimbaji wake, na nyingine zote huifuata. Nukta na alama nyingine ndogo huonyesha mapigo. Uzuri wake mkubwa ni kwamba taipureta yoyote inaweza kuandika herufi hizo. Tulipiga stensili, tukazungusha mashine ya kurudufu, na wimbo wa sauti nne ukawa mikononi mwa watu arobaini pasipo kuwa na kinanda hata kimoja. Kwa nchi maskini hilo si jambo dogo, na hadi leo ninamheshimu aliyelibuni.

Lakini pamoja na solfa nilijifunza kosa ambalo hakuna mkufunzi aliyelitamka. Niliamini kwamba kilichoandikwa ndicho elimu, na kisichoandikwa ni mchezo wa kunyoosha miguu baada ya elimu.

Kosa hilo nilikwenda nalo Makongolosi mwaka 1983, nilipokabidhiwa shule ya msingi. Kwa msomaji asiyepajua, Makongolosi iko kaskazini ya mji wa Chunya, katika nchi ya dhahabu ya Lupa. Siku hizi unafika kwa barabara ya lami. Wakati ule ulifika ukiwa umepakwa vumbi hadi kwenye kope. Dhahabu ya huko ilishamiri katika miaka ya 1930, na tangu hapo imekuwa ikiita watu kutoka kila upande. Darasa moja langu lilikuwa na Wakimbu, Wabungu, Wasafwa, Wanyakyusa, Wanyiha, Wasukuma na Wangoni. Asubuhi, kabla ya kengele, ulisikia vinu vya chuma vya wachimbaji wakitwanga mawe, wawili wawili kwenye kinu kimoja, huyu akishusha mchi mwenzake anainua. Watoto wa pale walijua kupokezana mapigo kabla ya kujua alfabeti.

Kila Jumatano alasiri tulikuwa na vikundi vya utamaduni. Kwaya niliifundisha mwenyewe. Ngoma ilifundishwa na mzee mmoja, mlinzi wa usiku katika machimbo ya jirani, mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Hakudai posho. Tulimpa sabuni na sukari zilipopatikana, na katika miaka ile hazikupatikana kila mara.

Mzee yule aliwafundisha watoto Mganda. Ngoma hiyo ina historia ya kushangaza kidogo. Haikutoka kwa mababu wa kale, kama wengi wanavyodhani. Ilizaliwa pande za Ziwa Nyasa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vijana walipoziona bendi na gwaride za askari wa kikoloni, wakaamua kuzicheza kwa namna yao. Tarumbeta hawakuwa nazo, basi walichukua vibuyu, wakatoboa tundu na kuliziba kwa utando wa buibui, ukiimba ndani yake sauti inatetema kama ya shaba. Wachezaji hujipanga safu kama askari, hatua moja, mgeuko mmoja. Ngoma kubwa hushika mwendo, na ngoma ndogo ndiyo inayoamrisha: ikibadili mapigo, safu nzima inageuka. Asiyeijua huona miguu tu. Anayeijua husikiliza ile ngoma ndogo.

Mwaka wa kwanza niliwaachia watoto wachague wenyewe. Karibu wote wakakimbilia ngoma. Kwaya ikabaki na watoto kumi na mmoja. Hilo liliniuma, na tena mashindano ya tarafa yalikuwa ya kwaya peke yake. Basi mwaka uliofuata niliondoa uchaguzi. Nilichukua orodha ya matokeo ya mtihani, nikapiga mstari katikati. Walio juu ya mstari wakaenda kwaya, walio chini wakaenda ngoma. Sikutoa tangazo lolote la dharau, lakini watoto si wajinga. Haikuchukua mwezi, uwanjani ukisikia mtoto anamwambia mwenzake "utaenda ngoma", ujue anamwambia amefeli.

Katika waliokuwa juu ya mstari alikuwapo kijana wa darasa la sita, mshindi wa tatu darasani, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga ile ngoma ndogo. Nilimhamishia kwaya, nikamweka sauti ya nne kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeanza kuvunjika. Hakubisha. Alisimama mstari wa nyuma akifungua na kufumba mdomo, na kwa wiki kadhaa sikusikia kitu kikitoka humo.

Mzee akaja ofisini. Alivua kofia, akakataa kiti. "Mwalimu," akasema, "hao ulioniachia wana miguu. Mwenye masikio umemchukua."

Nilimweleza habari za mashindano. Nilimwambia nitampatia watoto wengine wawili, achague mmoja amfundishe. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ambayo leo naiona ilikuwa kubwa kuliko yangu. Akajaribu. Lakini kila safu ilipofika mahali pa kugeuka, nusu waligeuka na nusu wakaendelea mbele, wakagongana, wakacheka, na kicheko kile kiliua ngoma kuliko ukali wangu. Kabla ya mwaka kwisha machimbo yale yalihamia kwingine na mzee akahama nayo. Hakuja kuniaga. Asubuhi moja nilikuta ngoma zote mlangoni pa ofisi, zimepangwa kwa ukubwa, kubwa hadi ndogo.

Kwaya yetu ilipata nafasi ya pili katika tarafa. Tulipewa cheti. Nilikitundika ukutani, kikakaa hapo mpaka mchwa walipokifikia.

Nilimwona tena kijana yule mwaka 2014, kwenye kituo cha mabasi mjini Mbeya. Mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, mfanyabiashara wa vipuri. Yeye ndiye aliyenitambua. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniamkia, kisha pale pale kati ya makelele ya wapiga debe akaniimbia sauti ya nne ya wimbo tuliokwenda nao mashindanoni mwaka 1985, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Aliniambia ndiye anayefundisha solfa katika kwaya ya vijana ya kanisa lake. Akanishukuru. Nakiri, msomaji, kwamba nilifurahi sana, na kwa dakika chache nikadhani nimesamehewa kila kitu.

Ndipo nikamwuliza, "Na Mganda, bado unaukumbuka?"

Alicheka. Akainama juu ya boneti ya gari lililokuwa karibu, akaanza kupiga kwa vidole. Mkono mmoja ulishika mapigo mawili, wa pili ukaweka matatu juu yake, vikaenda pamoja bila kugombana. Watu wawili watatu waligeuka kutazama. Mara akasita. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, akasita mahali palepale. "Hapa palikuwa na kugeuka," akasema. "Mzee alikuwa hajanionyesha unavyopatoka." Akapangusa vidole kwenye suruali. Hakuwa na uchungu. Alikuwa kama mtu aliyetafuta ufunguo mfukoni akakumbuka kwamba nyumba yenyewe haipo.

Tangu siku ile nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na hiki ndicho nilichokiona. Sikumdhuru kwa kumpeleka kwaya. Kwaya ilimfaa, pengine ilimfaa kuliko mimi mwenyewe. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba vitu viwili vile vinaweza kungoja sawasawa. Kwaya ina karatasi. Angeweza kuianza darasa la saba, au sekondari, au akiwa mtu mzima kanisani, na herufi zile saba zingekuwa zinamngoja palepale Curwen alipoziacha. Tarumbeta nayo husubiri: ni shaba, ukiitunza valvu zake tatu zisigande itamlilia hata mjukuu wa aliyeinunua. Ngoma ina watu. Na watu hawangoji. Wanahama na machimbo, wanazeeka, wanazikwa.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi tuna simu, tunaweza kurekodi kila kitu. Ni kweli, na kazi hiyo haikuanza na simu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi muziki wa Wahehe, Wagogo na wengine, na sauti zile zipo hadi leo, ilhali waliozitoa wengi wao wamekwisha kutangulia. Tumshukuru. Lakini sauti iliyorekodiwa haimwambii mtoto "mkono wako umechelewa". Haimwonyeshi anavyopatoka mahali pa kugeuka. Huhifadhi wimbo, mwalimu haimhifadhi.

Wala si kweli kwamba karatasi na ngoma ni maadui, kama nilivyodhani chuoni. Huko Hungaria Zoltán Kodály, aliyefariki mwaka 1967, alizunguka vijijini pamoja na mwenzake Béla Bartók wakikusanya nyimbo za wakulima, kisha akataka watoto wa shule wafundishwe kwanza nyimbo hizo za kwao, na chombo alichopendekeza cha kuwafundishia ni hiyo hiyo solfa iliyotoka Uingereza. Hapa kwetu Padri Stephen Mbunga wa Ruvuma alitunga Misa Baba Yetu mwaka 1959 kwa kufuata muziki wa Kibantu, miaka mitatu kabla ya hotuba ile ya Mwalimu. Na Hukwe Zawose wa Dodoma, aliyefariki mwaka 2003, alilichukua zeze na malimba ya Wagogo kama alivyorithi, akayapigia ulimwengu, na ulimwengu ukamlipa. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Yeye alicheza kwao hata alipokuwa mbali.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani usiku ule, na mtoto alikuwa bado anangoja jibu. Sikumwambia achague ngoma. Nilishawahi kumchagulia mtoto mara moja, na mara moja yatosha. Badala yake nilimpa maswali matatu akaulize shuleni, kwani siku ya kurudi ilikuwa imekaribia. La kwanza: nani anafundisha kila kundi, na kitu hicho alikipata wapi? La pili: nikimaliza kidato cha nne, nitapata wapi watu wa kukifanya pamoja nami? La tatu: katika haya matatu, ni lipi nitakaloweza kujifunza hata baada ya miaka ishirini, na ni lipi nikiliacha sasa sitalipata tena?

"Babu," akasema, "hilo la tatu ni gumu."

"Hilo ndilo nililofeli mimi," nikamjibu. Nikamsimulia habari za ngoma zilizopangwa mlangoni. Baba yake, ambaye hakuwahi kuzisikia, aliacha kutazama simu.

Wiki iliyofuata alinipigia kwa simu ya matroni. Alikuwa ameuliza. Bendi ilikuwa na tarumbeta tatu nzima na foleni ndefu ya wanaozitaka. Kwaya ilikuwa na mwalimu wa kweli, aliyesomea, mwenye subira. Kundi la ngoma halikuwa na mwalimu; lilikuwa na spika, na mwalimu wa zamu wa kuwashika wasitoroke. Wanafunzi walicheza kwa kufuata video.

Nilikaa kimya kidogo, maana sikulitazamia. Nilikuwa nimejiandaa kumsikia akiniambia yuko mzee mmoja pale, mlinzi au mpishi, mwenye ngoma yake mikononi. Deni huwa halilipwi kwa njia ile mtu anayoipanga.

"Basi umeamuaje?" nikauliza.

"Kwaya," akasema. "Lakini, Babu, lile swali la tatu sikuliacha. Bibi si anajua zile nyimbo za harusi za kwao Rungwe?"

Bibi yake, yaani mke wangu, alikuwa ameketi hatua tano kutoka nilipo, anachambua maharage. Nimeishi naye zaidi ya miaka arobaini na tano. Nimemsikia akiimba nyimbo hizo jikoni na shambani, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwomba anifundishe hata mmoja. Mshika mbili moja humponyoka, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini mimi nilikuwa nimeshika moja tu, na ya pili ilikuwa inaimba nyumbani kwangu.

Likizo iliyofuata tulianza. Mtoto anaimba pamoja na bibi yake, nami ninaandika kwa solfa, kwa kalamu ya risasi, kwa maana ninafuta sana. Kuna mahali ambapo sauti ya bibi haiketi kwenye mi wala kwenye fa, na herufi zangu saba hazina pa kuiweka. Kuna mahali anapoanza kabla ya pigo na mimi ninaandika juu ya pigo. Tukimaliza mstari mmoja ninamwimbia nilichoandika, herufi kwa herufi, kama nilivyofundishwa chuoni.

Yeye husikiliza, mkono ukiwa ndani ya ungo wa maharage.

"Hapo umekosea," husema. "Tena."

Mjukuu wetu hucheka, nami ninachukua kifutio.